Kidonge, kitanda na kiharusi: nani hasa mkosaji?

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu anaanguka usiku. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno yanamtoka kama ya mlevi. Mkewe anafungua droo kutafuta kadi ya hospitali, anakuta pakiti ya vidonge vya buluu vya nguvu za kiume, viwili vimeshatolewa. Kesi imekwishia hapo: "Ni haya madawa." Habari inasambaa hivyo hivyo, na kila mwenye pakiti yake mfukoni moyo unampiga paa.

Naelewa kwa nini watu huhukumu haraka. Kilichotangulia huonekana ndicho kilichosababisha. Lakini katika jambo hili watuhumiwa ni wengi: kuna kidonge chenyewe, kuna tendo lenyewe, kuna dawa nyingine alizomeza siku hiyo, na kuna mishipa ya damu aliyoingia nayo chumbani. Niseme mapema ninakoegemea. Mara nyingi kidonge ndicho chenye hatia ndogo kuliko wenzake wote. Zipo hali chache ambamo kinakuwa hatari kweli, na bahati mbaya hizo ndizo zisizozungumzwa, kwa sababu watu wako mbioni kukilaumu kwa yale ambayo hakikufanya.

Kidonge kinafanya nini

Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, haikuanza kama dawa ya chumbani. Watafiti wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayompata mtu ambaye moyo wake haupati damu ya kutosha. Kwa moyo, matokeo yalikuwa hafifu. Wanaume waliojitolea kwenye majaribio ndio waliotoa taarifa ya jambo lingine kabisa, na kampuni ikageuza njia. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 1998. Tadalafili, inayouzwa pia kwa jina la Cialis, na vadenafili ziliidhinishwa huko mwaka 2003. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hii ni dawa ya mishipa ya damu. Wala si dawa ya hamu, ingawa wauzaji wengi wangependa uamini hivyo.

Mwanamume anaposisimka, neva za uume hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi. Gesi hiyo huamsha kemikali nyingine, cGMP, ambayo huiambia misuli laini iliyomo kwenye kuta za mishipa ilegee. Mishipa ikilegea, damu huingia kwa wingi na uume husimama. Baadaye hupita kimeng'enya kiitwacho PDE5, ambacho kazi yake ni kuivunjavunja cGMP ili mambo yarudi yalivyokuwa. Kidonge humzuia huyo mfagiaji. Hakiwashi moto, kinamchelewesha anayekuja kuuzima. Ndiyo maana mtu akimeza kisha akakaa kusoma gazeti, hakuna la maana litakalotokea.

Shida ni kwamba PDE5 haiko kwenye uume peke yake. Imo katika mishipa ya sehemu nyingine za mwili pia, na ndiyo maana watumiaji wengi huumwa kichwa, uso hupata joto, na pua huziba: mishipa ya huko nayo imetanuka. Mishipa mingi ikitanuka kwa pamoja, shinikizo la damu hushuka. Kwa mtu mwenye afya aliyemeza miligramu 100 za sildenafili, ile namba ya juu ya presha hushuka kwa wastani wa kama 8, na ya chini kama 5. Kwa wengi hilo halihisiki hata kidogo.

Tusimame hapo kidogo, maana hapa ndipo mazungumzo mengi ya mtaani hupotea njia. Watu husema kidonge "kinapandisha presha mpaka mshipa wa kichwani unapasuka". Kidonge halisi kinafanya kinyume chake. Kinachopandisha presha usiku ule ni tendo.

Ngazi mbili za ghorofa

Kiharusi ni cha aina mbili kubwa. Katika ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huziba, na sehemu ya ubongo iliyo mbele yake hufa kwa kukosa oksijeni. Katika ya pili mshipa hupasuka na damu humwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Ukiuliza kama kidonge kinaleta kiharusi bila kusema ni kiharusi kipi, hutapata jibu la maana, kwa sababu njia za kuyafikia majanga hayo mawili hazifanani.

Tuanze na kupasuka. Wakati wa tendo la ndoa mapigo ya moyo na presha hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka. Madaktari wa moyo hulinganisha juhudi hiyo na kupanda kwa haraka ngazi za ghorofa mbili. Mtu anayezipanda bila kifua kubana wala kukata pumzi, kwa kawaida moyo wake unalimudu tendo. Lakini mwenye mshipa uliovimba kama kiputo ndani ya kichwa bila yeye kujua, au mwenye presha ya juu iliyokaa miaka bila tiba, anaweza kupasukiwa wakati wowote anapojikaza: akinyanyua mzigo, akijikamua chooni, au akiwa kitandani. Kidonge kiwepo, kisiwepo.

Hata hivyo siwezi kukiachilia huru kabisa. Fikiria mtu ambaye kwa miaka mitatu hajafanya lolote, hatembei, hapandi ngazi, presha yake hajaipima. Leo amemeza kidonge na anataka kufidia miaka yote mitatu kwa usiku mmoja. Kidonge hakikupasua mshipa, lakini ndicho kilichompeleka kwenye ngazi ambazo mwili wake haukuwa tayari kuzipanda. Naiona hii kuwa lawama ya haki, ingawa si ya moja kwa moja.

Kuhusu kuziba, njia inayowezekana ni ya presha kushuka mno. Ubongo una mbinu za kujirekebishia mtiririko wa damu, lakini mbinu hizo zina mipaka. Mwenye mshipa mkubwa wa shingoni uliobanwa na mafuta mpaka umebaki upenyo mwembamba hutegemea presha iwe na nguvu ya kuisukuma damu ipite hapo. Presha ikianguka ghafla, sehemu za ubongo zilizo mwisho wa mtandao, kama mashamba yaliyo mwisho wa mfereji, ndizo zinazokauka kwanza. Kushuka kwa namba 8 peke yake ni vigumu kufanya hivyo. Kinachotisha ni pale kidonge kinapokutana na kingine, na huko tutafika.

Mshipa mwembamba husema kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo ambapo takwimu huwachanganya hata watu makini.

Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Za moyo ni kama 3 hadi 4. Ile ya shingoni inayolisha ubongo hufika 5 hadi 7. Sasa ugonjwa wa mishipa, ule wa mafuta kujibandika kwenye kuta na utando wa ndani kupoteza uwezo wake wa kutoa nitriki oksidi, haushambulii kiungo kimoja. Unashambulia mwili mzima kwa pamoja. Uchafu ule ule ambao ndani ya bomba pana haujazuia chochote, ndani ya bomba jembamba umeshaziba nusu. Kwa hiyo uume hulalamika mapema, wakati moyo na ubongo bado viko kimya. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wanaume wengi wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, upungufu wa nguvu za kiume hutangulia dalili za moyo kwa miaka kati ya 2 na 5.

Tazama basi ni nani anayekwenda kununua kidonge. Wengi wao ni wanaume waliovuka arobaini, wenye presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) nyingi, sigara, kitambi. Hiyo hiyo ni orodha ya watu wanaopata viharusi. Ukilinganisha wanaotumia vidonge na wasiotumia, ukakuta viharusi ni vingi zaidi upande wa kwanza, bado hujathibitisha lolote juu ya kidonge. Ni sawa na kugundua kuwa wanaolala kwenye vitanda vya wodini hufa zaidi kuliko wanaolala kwenye vitanda vya nyumbani kwao, kisha ukavishitaki vitanda.

Maelezo rasmi yanayoambatana na sildenafili yanakiri kwamba tangu dawa iingie sokoni zimepokelewa taarifa za watu waliopata mshtuko wa moyo, vifo vya ghafla, damu kuvuja kwenye ubongo, na viharusi vya kupita (vile ambavyo dalili zake huisha zenyewe), karibu na muda walioitumia. Yanaongeza kwamba wengi wao, ingawa si wote, walikuwa na hatari za moyo na mishipa kabla. Kwamba mengi yalitokea wakati wa tendo au punde baada yake, na machache bila tendo lolote. Na kwamba haiwezekani kusema kwa hakika chanzo kilikuwa dawa, tendo, ugonjwa uliokuwepo, au mchanganyiko wa hayo. Wako wanaoyasoma maneno hayo kama kampuni kujikinga na kesi. Mimi nayaona kuwa ya kweli kabisa: kwa mgonjwa mmoja mmoja, mara nyingi hakuna anayeweza kuvitenganisha.

Kwa makundi makubwa ya watu, picha ni tofauti na uvumi. Nchini Sweden watafiti walifuatilia zaidi ya wanaume 43,000 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, walioandikiwa dawa za nguvu za kiume walikuwa na vifo pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko wenzao. Usikimbilie kufurahi. Mwanamume anayemwomba daktari dawa hiyo baada ya moyo kuyumba huenda ni yule mwenye afueni zaidi, mwenye mwenza, mwenye hamu ya kuishi. Kosa la vitanda vya wodini linaweza kugeuka upande huu pia. Ila kama kidonge kingekuwa muuaji kama kinavyosimuliwa, ni vigumu kuona angejifichaje kwenye kundi kubwa namna hiyo, tena la watu ambao moyo umeshawahi kuwasaliti.

Na kuna jambo ambalo lingewashangaza majirani wa yule bwana wa mwanzo. Wanasayansi wa Oxford waliwapa sildenafili, kwa wiki tatu na chini ya uangalizi, wagonjwa waliokuwa na ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo na ambao walikuwa wameshapata kiharusi kidogo au cha kupita. Walikuwa 75. Matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionyesha mtiririko wa damu kwenye ubongo ukiongezeka, na mishipa ikiitikia vizuri zaidi. Hiyo haimaanishi kwamba kidonge ni kinga ya kiharusi. Kwa hilo unahitajika utafiti mkubwa na mrefu zaidi. Inaonyesha tu kwamba kilichokuwa kikishitakiwa sasa kinachunguzwa kama tiba.

Pale ambapo hatari ni ya kweli

Nimekitetea kidonge vya kutosha. Sasa upande wa pili.

Adui wake wa kwanza ni nitrati: vidonge vya kuweka chini ya ulimi au dawa ya kupuliza kwa maumivu ya kifua, vidonge vya isosobaidi, na pia jamaa zake wa karibu, nitriti, zilizomo kwenye ile mivuke ya kuvuta iitwayo poppers inayotumika kwenye starehe. Nitrati huongeza nitriki oksidi mwilini. Yaani inafungulia bomba la maji, wakati kidonge kimeziba tundu la kutolea. Presha inaweza kuporomoka hadi mtu akazimia, moyo ukakosa damu, na ubongo vilevile. Hapa hakuna "kidogo tu". Ndiyo maana madaktari hawatoi nitrati mpaka zipite walau saa 24 tangu mgonjwa ameze sildenafili, na saa 48 kwa tadalafili, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Ugumu wake hauko kwenye famasia, uko kwenye aibu. Mgonjwa amelala kwenye machela, kifua kinabana. Daktari anauliza, "Kuna dawa yoyote umemeza leo?" Mke amesimama pembeni, shemeji yuko mlangoni. "Hakuna, daktari." Muuguzi anaweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi. Dakika chache baadaye namba kwenye kipimo cha presha zinateremka. Jibu la neno moja, lililotolewa kwa kuona haya, ndilo lililoleta balaa, na hakuna kipimo cha haraka ambacho kingemfichulia daktari siri hiyo.

Wengine wa kuangaliwa ni hawa. Anayetumia dawa za tezi dume za kulegeza misuli, kama tamsulosini au doksazosini, presha yake inaweza kushuka anaposimama ghafla. Kwa kawaida daktari humwanzishia dozi ndogo. Anayetumia ritonaviri, ambayo imo kwenye baadhi ya michanganyiko ya dawa za VVU, ini lake hushindwa kuiondoa sildenafili, na kiasi kinachobaki mwilini kinaweza kuwa mara 11 ya kawaida. Kidonge kimoja kwake si kimoja. Maelezo ya dawa yanamwekea kikomo cha miligramu 25 katika saa 48. Baadhi ya dawa za fangasi na za bakteria hufanya jambo linalokaribia hilo.

Kisha wale waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita iliyopita, wenye presha inayozidi 170 kwa 110, na wenye iliyo chini ya 90 kwa 50. Watu wa aina hii hawakuingizwa kwenye majaribio ya awali, kwa hiyo usalama wao haukuwahi kupimwa humo. Kwao jibu ni kusubiri, na kurekebisha kwanza kilichoharibika.

Kilicho ndani ya pakiti isiyo na jina

Yote niliyoyasema yanahusu kidonge ambacho ndani yake mna kilichoandikwa nje. Dawa hizi ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani, na hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ipo kwenye zile zinazouzwa kuwa ni "za asili tupu". Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi unga, kahawa na asali za nguvu za kiume zilizotiwa sildenafili kimyakimya. Mgonjwa wa moyo anayemeza nitrati kila siku anaikwepa Viagra kwa kufuata ushauri, anakunywa "mitishamba", na anaangukia kwenye mtego ule ule alioambiwa aukwepe. Nyingine huwa na yohimbini, ambayo yenyewe hupandisha presha kwelikweli.

Mwaka 2008, nchini Singapore, hospitali zilianza kupokea wanaume ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya ingawa hawakuwa na kisukari. Kati ya Januari na Mei walifika wagonjwa 150. Saba walibaki bila fahamu kwa muda mrefu, na wanne wakafa. Kilipotafutwa chanzo, kilipatikana kwenye dawa za kuongeza nguvu za kiume, zikiwemo za kughushi na za mitishamba, zilizokuwa na glibenklamidi: dawa ya kushusha sukari. Sukari ikishuka namna hiyo mtu anaweza kulegea upande mmoja, ulimi ukawa mzito, akachanganyikiwa. Ukimwona utaapa ni kiharusi. Ndiyo maana hospitalini mtu anayeonekana kupooza ghafla hutobolewa kidole kwanza, kupimwa sukari.

Wanaoacha dawa ya presha

Kuna njia moja ya kupata kiharusi kwa sababu ya nguvu za kiume ambayo haina kidonge cha buluu ndani yake kabisa. Mwanamume anaanzishiwa dawa za presha. Baada ya miezi michache uume unasuasua. Analaumu dawa, anaziacha bila kumwambia mtu, na kwa wiki kadhaa anajisikia vizuri, kwa kuwa presha ya juu haiumi. Halafu siku moja mdomo unakwenda upande. Presha isiyodhibitiwa ndiyo kisababishi kikuu cha kiharusi duniani, na dawa alizoziacha ndizo zilizokuwa zimesimama mlangoni.

Malalamiko yake yanaweza kuwa ya kweli. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo na baadhi ya vizuia-beta vya zamani huweza kupunguza nguvu za kiume. Lakini zipo za makundi mengine ambazo hazina sifa hiyo, na daktari anaweza kubadilisha. Tena dawa nyingi za presha zinazotumika leo zinaweza kwenda pamoja na sildenafili bila tatizo kubwa. Kwa anayetumia amlodipini, kwa mfano, kidonge huongeza kushuka kwa presha kwa namba 8 hivi, jambo ambalo daktari akilijua hupanga dozi. Na mara nyingi kilichoharibu nguvu hakikuwa dawa ya presha, bali presha yenyewe, iliyokuwa ikiitafuna mishipa miaka mingi kabla haijagunduliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwanamume anayekwenda kuomba kidonge kwa mara ya kwanza angepaswa kutoka kliniki akiwa amepimwa presha, sukari na lehemu. Ananunua nguvu za saa nne, lakini anachokilalamikia huenda ni taarifa ya miaka minne ijayo.

Na ikitokea usiku kama ule wa bwana wetu: uso umekwenda upande, mkono hauinuki, usemi umeharibika, angalia saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari atauliza ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Atataka pia kujua amemeza nini na saa ngapi, kwa sababu baadhi ya njia za kushusha presha hospitalini ni nitrati. Pakiti ile ya kwenye droo isifichwe chini ya nguo. Iende naye kwenye gari la wagonjwa.